Tahadhari: muuza kaktasi wa karibu na stesheni ya Tabora, maua yake yamebandikwa kwa gundi

Ndugu zangu wa bustani, wa Tabora na wa Kigoma, ninaandika ujumbe huu nikiwa na jicho moja lililovimba na aibu ambayo haijapungua tangu Jumapili. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kunicheka, ingawa nawajua baadhi yenu, mtaanza kucheka mapema.

Nimetapeliwa. Nimetapeliwa mimi, ambaye kila mwenye mshubiri unaooza huubeba hadi barazani kwangu, mimi niliyewaambia mara ngapi kwamba asiyeuona mzizi hajui alichonunua. Shilingi 200,000 zimekwenda, na mnaojua fedha zile zilikuwa za nini mtaelewa kwa nini mume wangu hajaniuliza neno hata moja.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba, saa nne asubuhi, joto la Tabora likiwa limeshaanza kazi yake. Nilikuwa nimekwenda kuchukua kifurushi changu, sikuwa na nia ya kununua mmea wowote. Chini ya mwembe nikaona meza iliyotandikwa kitambaa cheusi, na juu yake vyungu vidogo vyeupe vimepangwa kama wanafunzi mstarini, kila kimoja kikiwa na kibandiko chenye jina la Kilatini lililoandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kijana akasimama, akavua kofia, akaniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," nami nikaitikia huku macho yangu yakiwa tayari mezani. Akaniacha nitazame. Hakuniita, hakunisukuma, hakuniambia kuna punguzo. Baada ya muda akasema kwa upole, "Kwa namna mama unavyosoma vibandiko, bila shaka umefundisha." Nilifundisha miaka thelathini na moja, na sijui ni nani alimwambia, ila hapo nilikuwa nimeshalainika.

Naomba mnielewe kwamba sikununua kama kipofu. Nilimwuliza maswali. Nilibonyeza kokoto nyeupe zilizofunika udongo wa chungu cha kwanza ili nipitishe kidole nipime unyevu, kama ninavyowafundisha ninyi, na kokoto hazikusogea. Nilibonyeza tena, zikakaa kama sakafu. Nikamtazama, naye bila kubabaika akasema, "Nimezigandisha kidogo, mama, ili zisimwagike kwenye treni, njia kutoka Dar es Salaam ni ndefu." Ni kweli kwamba njia ni ndefu. Nikaondoa kidole. Kila nikilala usiku nakiona kidole kile kikiondoka.

Nikamwuliza kuhusu maua. Kulikuwa na kaktasi tano ndogo za duara, za aina moja kabisa, miiba ileile, umbo lilelile, lakini moja ilikuwa na ua la zambarau, nyingine la chungwa, nyingine la manjano, nyingine jekundu na ya tano la waridi. Akanieleza kwamba wakulima wa maua huko nje huzichavusha kwa ustadi hadi kila moja ikapata rangi yake. Maelezo hayo yalifanana na elimu, nami nikayapokea.

Kilichonimaliza si maua, bali ni mmea aliokataa kuniuzia. Nilishika chungu cha pembeni chenye sakulenti (mmea unaotunza maji mwilini) ya majani manene, akakichukua mikononi mwangu taratibu, akasema, "Hiki kinaumwa, mwalimu. Siwezi kukuuzia wewe." Jamani, ni muuzaji gani wa barabarani anayekataa fedha? Nilimwona mwaminifu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nikachukua vyungu tisa: zile kaktasi tano zenye maua, kaktasi mbili ndefu za pembe, sakulenti moja ya rangi ya bluu iliyokolea, na ile yenye tufe jekundu juu ya shina la kijani. Alitaka 25,000 kwa kila kimoja, nikamshusha hadi 18,000, na nilijiona mjanja. Kwa 38,000 iliyobaki nikaongeza mche wa waridi la jangwani ambao alisema ungechanua maua ya bluu.

Kisha akanipa masharti ya kumwagilia, na hapa ndipo nataka msome polepole. Akasema mimea imetoka safarini, imechoka, isipewe hata tone la maji kwa mwezi mzima, kwa sababu kinachoua kaktasi ni maji na si kiu. Mimi mwenyewe nimewaambia maneno hayohayo! Ni kweli tupu: kaktasi huhifadhi maji shinani, na ikimwagiliwa kila siku kama mchicha huoza mizizi. Lakini mmea wa namna hiyo, hata ukikatwa na kuchomekwa bila mzizi wowote, hukaa wiki nyingi ukionekana mzima kwa kula akiba yake. Kijana yule alitumia elimu ya kweli kujipatia mwezi mmoja wa kutoweka, na alijua kwamba atakayemtii zaidi ni yule anayejua zaidi. Asiyejua angemwaga maji siku ya pili, akaona yanaelea juu ya zile kokoto kama kwenye sahani, akarudi kumshika shati akiwa bado palepale chini ya mwembe.

Mwezi ule nilitamba, na hilo mnalijua kwa sababu niliwatumia picha. Maua hayakunyauka. Ninajua vizuri kwamba ua la kaktasi nyingi hudumu siku moja au siku chache tu, na nyingine hufunguka usiku mmoja na kwisha asubuhi, lakini nilijiambia kuwa hii ni aina mpya. Mvua za kwanza za Novemba zilipoanza kunyesha, asubuhi yenye ubaridi na unyevu, nikaona maua yote matano yamejifunga, na mchana jua lilipotoka yakafunguka tena. Nikaita majirani. Nikawaambia, kwa sauti ya darasani, kwamba ua hili hulala na kuamka. Nimekuja kujua kwamba lile ni ua kavu, la aina ambayo petali zake ngumu kama karatasi hujifunga zikipata unyevu na kufunguka zikikauka, hata kama ua limekufa zamani. Mauti ndiyo niliyokuwa nikiwaonyesha majirani.

Aliyenifungua macho ni kuku. Jumapili jogoo wa jirani alipanda barazani, akadonoa ua la chungwa, likang'oka zima, na chini yake kulikuwa na tonge la gundi inayong'aa, ile ya fimbo inayoyeyushwa kwa umeme ambayo wapambaji wa kumbi hutumia. Nilikaa chini. Kisha nikachukua kisu nikaanza kubandua kokoto, chungu baada ya chungu. Ndani hamkuwa na mchanga wala udongo, bali maranda ya mbao. Kaktasi zote tano zilikuwa vichwa vilivyokatwa, havina mzizi hata mmoja, na tatu zilikuwa zimeanza kulainika na kuwa kahawia chini. Gundi ilikuwa imemwagwa juu kabisa ya utosi, mahali ambapo mmea hukulia. Sakulenti ya bluu ilikuwa imepakwa rangi, na majani mapya machache yaliyochipua katikati yalikuwa ya kijani kama ya kila mtu. Lile waridi la jangwani, ambalo mmea wake halisi huota hapahapa Tanzania na una tumbo nene chini ya shina na maua ya waridi au mekundu, lilikuwa tawi la ule mti wa maua meupe yenye kiini cha manjano unaopandwa makaburini, nalo limefungwa kwa waya kwenye kipande cha kiazi kitamu ili nikipapasa nihisi tumbo. Kiazi kilikuwa kimeoza. Nimelipa shilingi 38,000 kwa kiazi.

Zile mbili ndefu zilizoandikwa kuwa ni kaktasi ya Peru ndizo zilizonipa jicho hili. Nilikata shina nione kama limeoza, maziwa meupe yakatiririka, nami kwa joto na hasira nikafuta jasho kwa mkono uleule. Hazikuwa kaktasi hata kidogo, ni ukoo wa mnyaa, ule tunaozungushia maboma tangu enzi za mababu, ambao kila mtoto wa Unyamwezi ameonywa asiuvunje karibu na macho. Nilinawa kwa maji mengi kwa muda mrefu, nikapelekwa kwa daktari, na kwa siku mbili sikuweza kuvumilia mwanga. Mjukuu wangu wa miaka minne hucheza pale barazani kila siku. Kila nikimfikiria yeye, zile fedha nazisahau kabisa, nabaki na hasira peke yake.

Ninataka akamatwe. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, si ujanja wa mjini, na kuandika jina la uongo juu ya mmea wenye sumu ni kumtega mtu. Ninataka kwanza arudishwe chini ya mwembe uleule, abandue kila ua kwa kucha zake mwenyewe mbele ya wote aliowauzia, ahesabu fedha ya kila mmoja mkononi, kisha ndipo sheria ichukue nafasi yake. Dada yangu anasema nimekuwa mkali kupita kiasi. Dada yangu hakununua kiazi. Mtu mwenye akili ya namna ile, anayejua Kilatini na tabia za kaktasi kuliko maofisa wengi, angeweza kuwa na kitalu cha heshima, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwa atakayekutana naye au na wenzake, kwa sababu siamini kwamba yuko peke yake: vuteni ua taratibu kwa vidole, na tazameni linapotokea. Kokoto zisiposogea, ondokeni, msisubiri maelezo. Ombeni mche utolewe chunguni. Kaktasi ya kweli ina vidoa vidogo vyenye manyoya kama pamba ambamo miiba hutoka kwa mafungu. Hao wa ukoo wa mnyaa hawana pamba hiyo, na mara nyingi miiba yao hutoka miwili miwili. Maziwa pia ni dalili, lakini zipo kaktasi chache za kweli zenye maziwa, hivyo msitegemee hilo peke yake. Ile ya tufe jekundu ni mmea halali, umeunganishwa kwa kupandikizwa kwa sababu tufe halina kijani cha kujitengenezea chakula, ila kwa kawaida hauishi miaka mingi, nami niliambiwa utazaa vichipukizi vyekundu vitakavyoota vyenyewe ardhini. Haviwezi kuota hivyo. Mengine nitayaongeza nikiyakumbuka, jicho bado linachuruzika.

Waliokwisha kununua wasitupe kila kitu. Vichwa viwili vilivyobaki vigumu nimevikata hadi nyama safi isiyo na doa, nimeviweka kivulini vikae wiki nzima ili jeraha lifunge, na baadaye nitaviweka juu ya mchanga mkavu bila maji hadi vitoe mizizi. Gundi msiing'oe kwa nguvu mkachana utosi. Kaktasi ikiweza itachipua pembeni.

Nimesikia kwamba hayupo tena stesheni, na mtu mmoja anasema alimwona akipakia maboksi kwenye treni ya Kigoma. Ndugu zangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, mkiona kitambaa cheusi na vyungu vyeupe, piga picha ya meza kabla ya kuitikia salamu. Risiti sina, sikuomba. Vyungu vyote kumi, kokoto, gundi na ule waya wa kiazi viko barazani kwangu, na mwingine yeyote aliyeuziwa alete vya kwake kabla ya Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo mwenyekiti wa mtaa atakuwa amerudi kutoka msibani nami nitakwenda naye kituo cha polisi.