"Lipa kwanza, ulalamike baadaye": bili ya maji iliyonipandisha presha

Nilienda pale kaunta ya kampuni ya maji juzi nikiwa mtulivu kabisa. Nilimwekea kijana bili ya yuniti 18 pamoja na picha za mita, maana nyumba hii hutumia yuniti 9 kwa mwezi. Picha hakuzitazama. "Mzee, maji si mmetumia? Lipa kwanza, ulalamike baadaye." Kisha akarudi kwa simu yake.

Basi nimfanyie kazi yake. Msoma mita hakufika miezi mitatu, wakakadiria yuniti 6 kila mwezi. Mwezi uliofuata akasoma mita yenyewe, na zile 9 zilizobaki nyuma zikarundikwa juu ya 9 za mwezi huo. Maji nimeyatumia, sikatai. Ila bei ya maji Kenya hupanda kwa ngazi: ukipita kiwango fulani, yuniti za juu zinauzwa ghali zaidi. Kwa hiyo yuniti 18 kwa mkupuo si sawa na 9 mara mbili! Chukua yuniti zote 36 za miezi hiyo minne, zigawe 9 kwa kila mwezi, piga hesabu upya, kata nilicholipa. Kalamu na dakika tano.

Kabla hujaenda kugombana, funga mifereji yote uangalie kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, kuna mahali panavuja. Anza na floti ya tangi la choo. Halafu chota mitungi mitano ya lita 20. Usijaze hadi shingoni, mtungi ukijaa hubeba zaidi ya lita hizo 20. Mita isogee lita 100, yaani sehemu ya kumi ya yuniti. Yangu ilisogea sawasawa, kwa hiyo mita haina kosa.

Tena kampuni haijipangii bei. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, WASREB, bodi ya serikali inayosimamia huduma za maji, ndiyo huidhinisha bei na kupokea malalamiko ambayo kampuni imeshindwa kuyamaliza. Lakini usiende huko na maneno matupu: andika barua kwa kampuni kwanza, nakala yako igongwe muhuri.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa yule mama wa mapokezi aliyegonga muhuri bila maswali. Na maji yenyewe ni masafi, shinikizo zuri, huku Magharibi mwa Kenya si wengi wanaoweza kusema hivyo. Ningewapa hata tatu.

Leo asubuhi ujumbe umeingia: lipa au tukate. Yuniti ni zile zile 18. Rudisheni nyota kwa moja.