Vidonge vya Haidrotalsiti kwa Kiungulia: Nilivyovitumia kwa Mwezi Mmoja Mtwara

Mtu anayekula ming'oko kwa pilipili na ndimu usiku, kisha akajilaza mapema, anakijua kiungulia kinavyochoma kifua saa nane za usiku. Kwa miaka kadhaa nilitegemea vidonge vya magnesiamu, ambavyo vilinituliza lakini vikanilegeza tumbo, na mara nyingine magadi soda, ambayo yalinijaza gesi. Mwezi uliopita shemeji yangu alirejea kutoka Ujerumani na kuniletea vidonge vya kutafuna vya haidrotalsiti, kila kimoja miligramu 500, ambavyo huko huuzwa famasia bila cheti cha daktari.

Haidrotalsiti ni madini yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1842 huko Skandinavia, ingawa inayotumika kwenye dawa hutengenezwa kiwandani. Imejengwa kwa matabaka mfano wa kurasa za daftari: kila ukurasa ni haidroksidi ya magnesiamu ambayo sehemu ya magnesiamu yake imepishwa na alumini, na kwa kuwa alumini ina chaji kubwa zaidi, ukurasa hubaki na chaji chanya inayosawazishwa na kaboneti iliyokaa katikati pamoja na maji. Asidi ya tumbo huyala matabaka hayo taratibu, na kadiri ukali wake unavyopungua ndivyo kuyeyuka kunavyopungua, hivyo pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ndogo ni asidi kali zaidi, 7 ni katikati) hutulia kati ya 3 na 5. Matabaka hayo hayo hunasa pia chumvi za nyongo zinazopanda tumboni.

Kwa kuwa nafundisha kemia, nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho. Nilisaga kidonge kimoja ndani ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Viputo vidogo vilipanda bila kufurika, na karatasi ya kupimia pH ikatoka nyekundu ya asidi kali, ikasimama kwenye rangi ya machungwa ya asidi hafifu. Magadi soda niliyoyazidisha kidogo katika bilauri ya pili yaliumuka mpaka juu, na karatasi ikapita hadi kijani iliyokolea, yaani asidi yote ilikuwa imekwisha. Tofauti hiyo ndiyo niliyoihisi tumboni.

Ladha yake ni ya chokaa yenye mnanaa hafifu, na unga hung'ang'ania kwenye meno. Nafuu niliipata baada ya takriban robo saa, na tumbo halikulegea. Kasoro kubwa ni upatikanaji, kwani famasia mbili za hapa mjini nilizouliza hazikuwa nayo, na karatasi ya maelezo ni ya Kijerumani, ikabidi shemeji anitafsirie.

Tafsiri hiyo ilinisaidia sana, maana wiki ya kwanza nilikuwa nikishushia vidonge kwa juisi ya ukwaju. Vinywaji vichachu huufanya mwili ufyonze alumini zaidi, kwa hiyo sasa natumia maji matupu. Vilevile dawa hii hukamata baadhi ya antibayotiki na vidonge vya madini ya chuma, ndiyo maana inapaswa kuachana navyo kwa saa moja hadi mbili. Kiungulia kisichokoma baada ya wiki mbili ni cha kupelekwa hospitali, si cha kuongezewa vidonge.

Mwenye figo dhaifu hushindwa kuitoa alumini na magnesiamu mwilini ipasavyo. Mama yangu, ambaye figo zake zina shida, aliniomba kimoja usiku mmoja, sikumpa.