Uzoefu wangu: miezi saba ya kusahihisha majibu ya AI nikiwa Nyegezi, Mwanza

Jamani nimeulizwa sana hii kazi ikoje, basi naandika mara moja. Mimi ni mtu wa data, nimeshawahi kufundisha modeli zangu ndogo ndogo (yaani programu za AI zinazojifunza kutoka kwenye data), na sasa nina mwezi wa saba nachukua projekti za kuboresha AI kwa jukwaa moja la nje. Jina sitaji, nimesaini mkataba wa usiri.

Wengi wanadhani ni kubofya bofya picha. Hiyo ni nyingine, malipo yake kidogo. Huku unaletewa swali na majibu mawili ya modeli, unapima lipi bora na unaandika sababu, kisha hayo mnayochagua ndiyo yanatumika kuifundisha modeli ijibu vipi. Kwahiyo ukizembea wewe, na yenyewe inajifunza uzembe.

Kuna siku nililetewa jibu lenye programu ya kufundisha modeli, imeandikwa kwa Python (lugha ya kuandikia programu), jibu safi, maelezo yamepangika, modeli inabashiri kwa usahihi wa asilimia 96. Nikasoma mstari kwa mstari nikakuta imechagua safu muhimu za data (taarifa za kubashiria) kwa kutumia data yote kwanza ndo ikatenga ya kujifunzia na ya kujaribia, yaani mtihani umevuja kabla wanafunzi hawajaingia chumbani! Nikahamisha ule mstari mmoja tu nikaiendesha upya, ikashuka mpaka 71. Nilifurahi sana siku ile, maana ndo kitu nilichosomea.

Malipo ni kwa saa, kwa dola, yanaingia kila wiki na hayajawahi kuchelewa, ila kuna makato ukiitoa mpaka benki. Projekti nyingi zinafunguka saa tatu usiku huku kwetu, California ndo kwanza asubuhi. Na umeme ukikatika saa yao ya kupima muda wa kila kazi inaendelea kuhesabu, nilipoteza kazi mbili hivyo mpaka nikanunua betri na kuweka bando la akiba kwenye simu.

Sasa kinachoniuma ni wahakiki, yaani wanaopitia kazi zetu na kuzipa alama. Nilipewa swali la Kiswahili kuhusu dagaa wa Mwanza, jibu la kwanza refu, limewapa sifa zote za dagaa wa Kigoma. La pili fupi lakini kweli, wanavuliwa usiku kwa taa, wanaanikwa, wanauzwa. Nikachagua la pili. Mhakiki akanipa 2 kati ya 5, eti la kwanza limejitosheleza zaidi! Nikakata rufaa, nikaandika kwamba wa Tanganyika na wa Victoria ni samaki tofauti kabisa hata kama jina ni moja, mama yeyote pale soko la samaki la Mwaloni anakutengea kwa macho tu. Siku tisa kimya, na alama ikishuka projekti zinajificha, hizo siku zote sikuona kazi hata moja. Mwishowe wakarudisha alama bila neno lolote. Hapo lazima wabadilike, Kiswahili kihakikiwe na anayekiishi, la sivyo modeli zitaendelea kutueleza sisi wenyewe vibaya.

Mengine niko sawa nayo. Kama unaijua Python vizuri na una subira ya kusoma jibu zima, jaribu. Usiache ajira tu, mwezi wangu wa pili wa kazi hii nilikaa wiki tatu bila projekti. Mimi mchana bado niko kazini kwangu, hii naifanya usiku watoto wakilala.