Kielelezo cha nyumba ya Alfriston kutoka karakana ya Keko

Kwa ajili ya wanafunzi wangu wa usanifu majengo niliagiza, katika karakana moja ya useremala ya Keko hapa Dar es Salaam, kielelezo cha nyumba ndogo ya kale ya Kiingereza iliyojengwa kwa fremu ya mbao. Niliichagua Clergy House ya kijiji cha Alfriston, Sussex, nyumba ya karne ya 14 iliyoezekwa kwa nyasi, ambayo mwaka 1896 ilinunuliwa kwa pauni 10 na kuwa jengo la kwanza kumilikiwa na National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria.

Kazi ya mbao ni bora kabisa. Fundi hakutumia msumari hata mmoja: kila ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa, umeingia barabara katika tundu lake na kufungwa kwa kigingi cha mti, kama walivyofanya maseremala wa wakati ule. Wao walitumia mwaloni mbichi, ambao huchongeka kwa urahisi lakini hujipinda kadiri unavyokauka, ndiyo maana nyumba hizo zina mistari isiyonyooka. Mninga mkavu wa Keko hauwezi kuonyesha hilo, wala simlaumu fundi. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mbele, ambapo ghorofa za pande mbili zimechomoza na ukumbi wa katikati, ulio wazi hadi kwenye paa, umebaki nyuma, huku mtambaapanya, yaani boriti ya juu inayobeba ukingo wa paa, ukipita mbele yake moja kwa moja, ukiegemezwa kwa mbao zilizopinda.

Kasoro ilikuwa kwenye kuta. Fundi alizikandika kwa saruji, na jambo hilo lilinisikitisha, kwa kuwa katika nyumba halisi saruji huzuia unyevu kutoka, na mbao zikaoza. Nilimweleza kwamba Waingereza walisuka fito kati ya nguzo na kuzikandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kama zilivyo nyumba zetu nyingi za miti. Alinielewa mara moja, akabomoa yote na kurudia bila kudai nyongeza.

Nililipa shilingi 450,000 na kusubiri wiki 5. Niliomba sehemu moja ya ukuta iachwe bila udongo, na sasa wanafunzi huanzia hapo, wakiona kwa macho yao kwamba uzito wa paa hubebwa na nguzo wala si ukuta.