Breki ya mtutu niliyofunga mwenyewe gereji: bega limepona, masikio yanalia

Mimi ni mwembamba, na bunduki yangu ya bolti (unaikoki kwa mkono kila risasi), kaliba .308, hainionei huruma. Naitumia kuwinda nguruwe pori huku Texas. Kila nikienda uwanja wa shabaha nikapiga boksi moja la risasi 20, kesho yake bega kama la kuli wa bandarini. Ndipo nikaagiza mtandaoni breki ya mtutu, dola 48: kile kipande cha chuma chenye matundu ubavuni, kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili gesi itokee pembeni na kupunguza teke.

Kosa la kwanza ni langu. Niliona picha nikapenda, nikalipa. Kilipofika hakikuingia hata kidogo. Kilikuwa na uzi, yaani mistari ya skrubu, wa 1/2x28 (kipenyo nusu inchi, mistari 28 kwa inchi), ambao ndio wa AR-15 nyingi za .223, zile bunduki zinazojikoki zenyewe, na mtutu wangu ni 5/8x24. Kabla hujalipa angalia mambo mawili: uzi wa mtutu wako, na tundu la breki kama ni la kaliba yako. Tundu likiwa dogo kuliko risasi, unalipua breki na pengine mtutu wenyewe. Nikarudisha, nikaletewa ya .30, kundi la kaliba ambalo .308 yangu imo. Hapo muuzaji hakunisumbua, nampa haki yake.

Nilianza kazi kwa kutoa bolti nzima, nikachungulia chemba, nikaingiza na kidole. Risasi zote zikabaki ndani ya nyumba. Kifuniko cha kulinda uzi kilikuwa kimeng'ang'ania. Nikakipasha moto kwa mashine ya mama watoto ya kukaushia nywele (bila ruhusa), nikagusa na spana, kikatoa "krk" kikaachia. Mtutu nilikuwa nimeubana kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao vyenye ngozi, karibu na mdomo. Usibane kitako ukavuta spana huku mbele, nguvu yote itaishia kwenye skrubu zinazoshika bunduki na kitako chake.

Sasa kasheshe ilikuwa washa, ile pete ya chuma inayokaa nyuma ya breki. Breki yangu lazima matundu yake yatazame kulia na kushoto sawasawa, na kinachoisimamisha hapo ni washa ya kujibonyeza: unakaza kwa mkono mpaka igote, halafu spana inaiponda taratibu mpaka breki ikae sawa. Niliweka pima maji moja kwenye reli ya darubini na nyingine juu ya breki. Nikakaza, nikachungulia, nikakaza. Mara ikapitiliza kidogo tu, upana wa kucha. Nikajaribu kuirudisha nyuma, ikalegea. Washa hizo ni za kutumia mara moja, na kwenye pakiti walikuwa wameweka moja! Kwa dola 48 hawakuweza kuongeza hata ya pili? Nikasubiri siku nne kupata washa za dola tatu. Ningeanza upya ningenunua breki yenye nati yake ya kufungia nyuma: unaielekeza unavyotaka, unakaza nati, umemaliza.

Shemeji aliponiona naweza akaniletea AR-15 yake nimbadilishie na yeye. Nikaangalia kile kifaa cha mdomoni nikakuta kina alama ya kuchomelewa. Mtutu wake ni wa inchi 14.5, na kifaa kimepigwa pini na kuchomelewa ili jumla ifike inchi 16 ambazo sheria ya shirikisho inazidai kwa bunduki ndefu. Ukikitoa tu, unakuwa na bunduki fupi ambayo haijasajiliwa. Nikamrudishia na chai juu. Na mlioko California au New York, someni sheria za huko kabla hamjashika spana, hasa kama bunduki yenu inajikoki yenyewe.

Uwanjani sasa. Teke limepungua, hilo silipingi. Zamani darubini iliruka nikapoteza shabaha, sasa naona tundu likitokea kwenye karatasi. Ila risasi zilihama, kwa yadi 100 zikaenda inchi mbili kushoto na moja chini, kwa hiyo tengeni boksi zima la kurekebisha darubini upya.

Kelele ndiyo shida yenyewe. Gesi inayotoka ubavuni inarudi kwako na kwa jirani yako. Mzee aliyekuwa meza ya kushoto alivumilia risasi tatu, akakusanya vitu vyake akahamia meza ya mwisho kabisa, hata hakusema neno. Nilikuwa nimevaa vizibo na kinga za masikioni juu yake, bado nikasikia ngurumo kifuani. Nikilala chini kupiga, vumbi linapanda mpaka sioni niliyempiga.

Porini ni hatari zaidi, maana nguruwe akitokea ghafla nani ana muda wa kutafuta vizibo? Na shemeji anakaa hatua mbili kando yangu. Kwa hiyo Novemba msimu wa kulungu ulipofunguliwa niliitoa, nikarudisha kifuniko cha uzi na kurekebisha darubini tena. Breki naipa nyota tatu kati ya tano, iko kwenye droo pamoja na washa mbili zilizobaki.