TAHADHARI: Chimenea za "udongo halisi wa Meksiko" zinazouzwa Houston ni saruji iliyopakwa rangi

Habari zenu ndugu zangu wa Houston na mitaa ya jirani. Baridi inakaribia na najua wengi mmeanza kutafuta kitu cha kuotea moto uani. Kabla hujamtumia mtu hela, soma hii.

Kuna mtu anaweka matangazo ya chimenea mtandaoni, na siku hizi matangazo yake yanasambazwa hata kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na watu wema wasiojua wanachosambaza. Jina simtaji, na hata nikilitaja halitawasaidia. Kwenye tangazo alikuwa na jina moja, kwenye Zelle, ile huduma ya kutumiana hela moja kwa moja kutoka benki, likatokea lingine, na yule kijana aliyeleta mzigo alijiita jina la tatu. Nitakachoeleza ni anavyofanya, maana hicho hakibadilishi.

Kwa asiyeijua, chimenea ni jiko la udongo la Kimeksiko. Lina tumbo kama mtungi, mdomo mmoja mpana kwa mbele wa kuingizia kuni, halafu shingo nyembamba inayopanda juu na kutoa moshi. Linakaa juu ya kitako cha chuma chenye miguu mitatu. Jina lenyewe kwa Kihispania ni bomba la moshi. Zamani huko Meksiko lilikuwa la kupikia na kupasha joto nyumba, likisimama karibu na dirisha au chini ya tundu la paa. Leo Wamarekani wanaliweka bustanini wakae wakiongea usiku. Na kusema kweli ni kitu kizuri: moshi unapanda juu badala ya kukuingia machoni, upepo hausambazi cheche ovyo, na tumbo likishapata moto linakupa joto taratibu hata kuni zikibaki makaa. Ndiyo maana nililitaka.

Tangazo lilisema dola 140, udongo wa kuchoma, kazi ya mkono, kutoka Tonalá, Jalisco. Hapo ndipo aliponikamata, kwa sababu Tonalá si jina la kubuni. Ni mji wa wafinyanzi kweli, pembeni ya Guadalajara, na tianguis yao, yaani soko la mtaani, hufanyika Alhamisi na Jumapili. Nilikuwa nimesoma habari zake. Tapeli anayejua jina la mji sahihi anakupumbaza kuliko anayesema "kutoka Meksiko" tu.

Nikamuuliza maswali mawili. La kwanza, je, inapasuka? Akajibu: "Haipasuki kamwe, washa moto wowote unaotaka." La pili, je, inabidi niikomaze kwanza kwa moto mdogo? Akasema imeshakomazwa kiwandani, na akanitumia picha ya ndani ya tumbo ikiwa nyeusi kwa masizi. Nikatuma dola 70 za kianzio kwa Zelle, nyingine 70 nilipe ikifika.

Ikaja saa mbili na nusu usiku. Sasa najiuliza kwa nini usiku, lakini siku ile niliona ni uchapakazi. Kijana akaishusha kwenye pikapu, akaiweka uani, akapiga picha tatu "kwa ajili ya kumbukumbu za bosi". Ilikuwa inanuka rangi. Nikamwambia, akasema hiyo ni dawa ya kuzuia mvua. Nikalipa zile 70 zilizobaki.

Jumamosi yake nikawasha. Vipande vinne vya mwaloni, si zaidi. Kama dakika ishirini hivi ukasikika mlio, paa! Nilidhani ni fataki za jirani. Kipande kikubwa kama chapati kikaruka kutoka tumboni na kuangukia mguuni pa kiti ambacho binti yangu alikuwa ametoka kukiacha kwenda kuchukua juisi. Kwa nje kile kipande kilikuwa na rangi ya tofali, nzuri kabisa. Kwa ndani kijivu. Nikakigeuza kwenye mwanga wa taa ya mlangoni: kokoto ndogo ndogo, na katikati waya. Wavu wa banda la kuku, ndugu zangu. Amesuka wavu, akabandika saruji, akapuliza rangi.

Saruji inaweka maji ndani yake hata ikionekana kavu. Ukiipasha moto ghafla yale maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na saruji ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya moto inatupa vipande. Kwa hiyo hapa kuna zaidi ya dola 140 zilizopotea. Kile kipande kingeweza kumpata mtoto usoni.

Na aibu yangu kubwa ni hii: mimi ni mtoto wa Kyela, kule Tanzania kwenye Ziwa Nyasa. Nimekua nikiona vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, vikishushwa kwenye mitumbwi pale Matema. Mama yangu hakuwahi kununua chungu bila kukigonga kwa vifundo vya vidole na kukisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtu akinong'ona. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinajibu kama mbao. Nimeyajua hayo tangu utotoni, halafu nimefika Texas nikaletewa kitu gizani na sikukigonga hata mara moja.

Nilipomwandikia muuzaji, kwanza alisema nimewasha moto mkubwa. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, "moto wowote unaotaka". Akasema hawarudishi hela. Nikatuma picha ya wavu wa kuku. Akaniblok. Shemeji yangu anayeishi upande wa Katy akaniambia kwamba yeye alituma dola 100 za "kushikiwa mzigo" kwa tangazo linalofanana na hilo, na mzigo haukuja kabisa. Sina uhakika kama ni mtu yule yule, ila maneno ya tangazo ni yale yale, hadi koma.

Jirani yangu ni mama wa makamo kutoka Jalisco, tunamwita Doña. Nilimpelekea kile kigae. Alikishika, akacheka, kisha akaona waya akaacha kucheka. Jumapili iliyofuata akanichukua kwa gari lake hadi kwenye yadi moja ya vyungu kando ya barabara kuu, zile zenye majogoo ya bati na vinyago vya jua, ili niguse chimenea ya kweli. Nilichojifunza pale nawapa.

Nenda mchana na uione kabla ya kulipa chochote. Igonge tumboni, shingoni, na pale shingo inapoungana na tumbo, kwa sababu hapo ndipo nyufa huanzia. Halafu ingiza mkono ndani, pale ambapo rangi haifiki, uguse kwa kidole chenye maji. Udongo uliochomwa unanyonya tone mara moja na kuacha doa jeusi linalokauka. Ukiona kidole kinatoka na tope, huo ni udongo mbichi ambao haukuingia tanurini, nao utayeyuka mvua ya kwanza. Masizi yakitoka yote kwa kidole kimoja, yamepakwa. Kisha omba ruhusa ukwaruze kidogo kwa ufunguo chini ya tumbo, mahali pasipoonekana. Udongo ni udongo hadi ndani: mwekundu, wa chungwa au wa maziwa. Saruji inatoa unga wa kijivu. Muuzaji akikukatalia kukwaruza mahali ambapo hata jua halifiki, mshukuru, uondoke.

Doña alinionyesha na jambo moja ambalo nisingelifikiria. Aliwasha tochi ya simu, akaiweka ndani ya tumbo, akaziba mdomo na shingo kwa sweta yake, akaniambia nizunguke niangalie. Kwenye chimenea moja pale yadi, mstari mwembamba wa mwanga ukaonekana ubavuni. Ilikuwa na ufa uliozibwa na kupakwa rangi juu, macho ya kawaida hayaoni. Mwenye yadi mwenyewe alishangaa, akaitoa mstarini.

Yule mwenye yadi, mzee wa maneno machache, ndiye aliyenifanya nielewe nilikosea wapi. Muda wote alikuwa ananitisha. Itapasuka ukiwasha ikiwa imelowa. Itapasuka ukimwagia maji kuzima moto, zima kwa mchanga. Itapasuka ukijaza kuni mpaka ndimi za moto zitoke shingoni. Jaza mchanga ndani hadi karibu na ukingo wa mdomo ili moto usilale juu ya udongo wenyewe. Washa moto mdogo wa vijiti, uache ufe wenyewe, ipoe kabisa, kisha rudia siku nyingine, mara kadhaa, ukiongeza kidogo kidogo. Usitie petroli wala mafuta ya kuwashia, udongo unayanywa. Usichome mbao za ujenzi zenye dawa. Ifunike mvua ikija, na kukiganda iingize stoo. Nikamwuliza, mbona unajiharibia biashara? Akasema anayenunua bila kujua hayo atarudi baada ya wiki mbili na vigae mkononi akimtukana.

Pima hapo. Chimenea ya udongo ni kitu kinachovunjika, na anayeiuza kwa haki atakuambia hivyo kabla hujauliza. Anayekuambia haipasuki kamwe, ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Jambo zito kuliko yote: kwenye tangazo la yule mtu kuna mstari unaosema inafaa "hata ndani ya nyumba, kama wafanyavyo Meksiko". Msimsikilize! Nyumba zile za zamani zilikuwa na tundu la kutolea moshi. Nyumba zetu hapa zimezibwa kila upande kwa ajili ya AC. Mnakumbuka Februari 2021, umeme ulipokatika Texas katikati ya barafu na mamilioni ya nyumba zikabaki gizani? Watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wakawasha magari gereji, na hospitali zikapokea familia nzima zilizovuta monoksidi ya kaboni. Hewa ile haina harufu. Gereji yenye mlango wazi nayo ni ndani, na kibaraza kilichofunikwa pia sikishauri. Iweke nje, mbali na ukuta, uzio na matawi, angalau futi 10. Wa apatimenti, soma mkataba wako kwanza. Na kaunti ikitangaza marufuku ya moto wa nje wakati wa ukame, chimenea inapumzika.

Kuhusu hela. Zelle ni kama kumpa mtu noti mkononi: ukibonyeza mwenyewe, benki itakuambia uliidhinisha. Niliwapigia, nikajibiwa hivyo kwa upole mwingi. Kama ungelipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inakupa siku 60 tangu taarifa ya kadi itumwe kupinga kwa maandishi malipo ya bidhaa ambayo haikuletwa kama mlivyokubaliana. Hapa Texas mahakama ya madai madogo inasikiliza kesi hadi dola 20,000, lakini lazima uwe na jina na anwani ya unayemshtaki, na mimi nina majina matatu na sina anwani. Nimeripoti kwa FTC, yaani tume ya shirikisho ya biashara, na kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Sitegemei kuziona zile 140, ila ripoti zikiwa nyingi zinajenga faili. Kama na wewe umepigwa, ripoti hata kama unaona aibu. Mimi nimeona aibu vya kutosha kwa niaba yetu wote.

Stika ya "Hecho en México" pia msiitegemee peke yake. Yangu ilikuwa nayo, imenyooka vizuri, chini ya kitako.

Jana usiku shemeji kanitumia tangazo jipya. Jina jipya, bei dola 160, maneno yale yale. Picha ya kwanza inaonyesha chimenea nyekundu ikiwa imesimama kwenye majani, na nyuma yake kuna ndoo ya bluu ya mtoto na uzio wa mbao uliokosa ubao mmoja. Ndoo ile ni ya binti yangu. Ule ubao sijaurudishia tangu upepo wa Mei. Ukiletewa picha hiyo, ujue ni uani kwangu, na hicho kilichosimama hapo sasa hivi kiko vipande vipande kwenye pipa la taka.