Filamu ya Dune, ya 1984 au ya 2021?
Zote nazipenda ila tusidanganyane, ya Denis Villeneuve ya 2021 iko mbali sana. David Lynch 1984 alitaka kumaliza kitabu kizima cha Dune ndani ya saa mbili na ushee, kwa hiyo kila mtu unamsikia anawaza kwa kunong'ona ili usipotee njia, na bado unapotea tu. Villeneuve stori kaikata katikati, nusu nyingine kaileta 2024, ndo maana matukio yanapumua: Paul, kijana mhusika mkuu, kaingiza mkono kwenye lile boksi la maumivu, mama yake nje ya mlango anatetemeka, mi nimeng'ang'ania kiti. Na muziki wa Hans Zimmer usiseme! Lakini zile ngao za 1984, mtu kafunikwa na maboksi ya mwanga mwili mzima huku anapigana kisu, kichekesho ila hazinitoki kichwani. Una usiku mmoja tu? Weka ya 2021.